Namba Iliyotoka Mbezi

Mie mwenzenu nina wivu, na sikuuanza leo. Nilipokuwa msichana nilikuwaga namwonea wivu hata kuku wa jirani, eti kwa nini anataga kuliko wa kwetu. Kwa hiyo asishangae mtu nikisema kwamba kwenye uzee wangu huu nimeionea wivu namba. Namba kabisa, ile ya kuandika. Tena niliionea wivu kama mtu anavyomwonea mwanamke aliyehamia jirani na nguo zake mpya.

Nianze na mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa mwanangu wa kiume, na nimemlea mie hapa Tandika tangu alipoachishwa ziwa. Baba yake na mama yake wako Mbeya, kazi zao ndo ziko huko. Namwita mke mwenzangu, kama mabibi wote tunavyowaita wajukuu zetu wa kike, ila wa kwangu alikuwa mke mwenza kweli. Marehemu babu yake alikuwa akiingia ndani anamwulizia yeye kwanza, mie naulizwa chai. Nikanuna wee, mwisho nikazoea, maana na mie nilikuwa nampenda vilevile.

Sasa mtoto ana bibi mwingine, mama yake mke wa mwanangu. Huyo ni mwalimu mstaafu, mtu wa Kondoa, kajenga Mbezi Luis, nyumba ina geti jeusi na maua kwenye makopo yaliyopakwa rangi. Kafundisha hesabu mpaka kazeeka nazo. Mie darasa la pili nilimaliza, la tatu nililionea dirishani. Tukikutana tunaitana mkwe, tunakumbatiana, tunaulizana miguu inaendeleaje. Mtu mzuri. Sina baya la kumsema, na hilo ndo linaloniudhi. Ukimwonea mtu wivu angalau awe na kakasoro kadogo ka kukusaidia.

Basi mjukuu wangu alipomaliza mtihani wa darasa la saba akaenda Mbezi kupumzika. Siku aliyorudi nilikuwa uani nimekalia mbuzi, nakuna nazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Mbona umenenepa? Walikuwa wanakufungia ndani wanakulisha?"

"Bibi, nimekuja na zawadi! Bibi Mwalimu kanipa namba."

"Ya simu ya nani?"

"Siyo ya simu, bibi! Namba tu. Laki moja na arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba."

Nikacheka mpaka kifuu kikanitoka mkononi. Namba ndo zawadi? Mie huyu mtoto nimempa hereni za dhahabu za mama yangu. Nimempa mtetea na vifaranga vyake. Nimempa kanga ambazo hata mwenyewe sijazivaa. Mwenzangu kaokota namba hewani kampa, na mtoto kaja nayo mbio kutoka stendi kama kabeba keki.

Akachukua kipande cha mkaa, akaiandika sakafuni, pale kwenye saruji karibu na pipa la maji. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba.

"Haya bibi, tuizidishe kwa mbili."

"Zidisha wewe, mie nina nazi."

Akazidisha. Ikatoka mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Nikaangalia kwa pembeni, sikutaka aone kama naangalia. Akaizidisha kwa tatu. Nne, mbili, nane, tano, saba, moja. Kwa nne: tano, saba, moja, nne, mbili, nane. Nikaacha kukuna.

"We mtoto, mbona ni walewale?"

"Ndo hapo sasa, bibi! Kwa tano saba anakuwa wa kwanza. Kwa sita nane anakuwa wa kwanza. Haongezeki mtu, hapungui mtu."

"Na hakuna anayempita mwenzie," nikasema. Maana nilishaona. "Nne kila siku yuko nyuma ya moja. Mbili kila siku yuko nyuma ya nne. Saba akimaliza anafuata moja. Si mduara huo?"

Mtoto akanitazama. Mjue kwamba mie hapa mtaani ndo kiongozi wa kikundi cha kina mama wa shughuli. Harusi ikiwepo tunakwenda na ngoma yetu na sare yetu, tunacheza mduara, tunazunguka mmoja nyuma ya mwenzie, na kila wimbo una mwanamke wake wa kuuanzisha. Anayeanzisha anabadilika, mstari haubadiliki. Mduara naujua kuliko ninavyoijua njia ya sokoni.

"Bibi," akasema, "ni mduara kweli! Haya, subiri kwa saba."

Akazidisha kwa saba, akaniita nisogee. Tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa.

"Jamani, wamevaa sare!"

Tukacheka mpaka jirani akachungulia kwa juu ya ukuta. Na papo hapo, katikati ya kicheko, roho ikanichoma. Namba nzuri, sikatai, lakini imetoka Mbezi. Kwa nini isitoke kwangu?

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na mazungumzo mengine. Nikiuliza mboga ipi tupike, ananiambia ukizidisha kwa nane mmoja anajitenga. Na kweli, kwa nane inatoka moja, moja, nne, mbili, nane, tano, sita. Saba kavunjika, sita kabaki mahali pake na moja kakimbilia mbele. Ukimrudisha yule moja kwa sita, saba wako huyo. Anayaeleza haya huku maharage yanaungua. Na kila akimaliza ananiambia, "Bibi Mwalimu anasema ziko nyingine kubwa zaidi za namna hii." Bibi Mwalimu anasema. Bibi Mwalimu anasema. Mie sikuwa nasema kitu?

Nikamwambia na mie nina namba yangu, tena ndefu. Nikamtolea ile ya umeme, ya luku, iliyoingia kwenye simu asubuhi ile, namba ishirini zimepangana. Nikasema haya, na hii itafutie maajabu yake. Alikaa nayo muda, mtoto wa watu, kwa heshima kabisa. Akajumlisha zote moja moja, akakuna kichwa.

"Bibi, inagawanyika kwa tatu."

"Eeh. Na nini kingine?"

"Basi."

"Basi?"

"Labda tukiendelea kutafuta, bibi."

Nikaichukua simu yangu. Namba ndefu kama treni, haina hata ngoma moja.

Haikupita wiki mwanangu akapiga kutoka Mbeya. Salamu zikawa nyingi, nikajua kuna jambo.

"Mama, mkwe wako anaomba mtoto akianza sekondari akakae kwake. Anasema mtoto ana kichwa cha hesabu, atakaa naye jioni amfundishe. Sisi tumeona mtoto mwenyewe achague. Mkwe atakuja hapo Jumamosi, mzungumze wote watatu."

"Na mie nimekubali?"

"Ndo tunakuomba, mama."

Nikamjibu vizuri, maana ni mwanangu. Nikakata simu, nikaenda kukaa chooni, mahali pekee kwenye nyumba hii ambapo mtu hakufuati. Mtoto wangu anachukuliwa. Mtoto niliyemsuka nywele, niliyempeleka kliniki, anachukuliwa na namba.

Nilipotoka nilikuwa na mpango. Nikasema kama ni namba, basi achague pale atakapoiona inaishi. Mbezi imekaa kwenye karatasi. Hapa Tandika itacheza.

Jumamosi nikawaita wenzangu watano wa kikundi, na mie wa sita. Mjukuu akakata maboksi, akaandika namba kubwa kwa mkaa, kila boksi na namba yake, na nyuma ya kila boksi akaandika tisa. Akatoboa, akafunga kamba, ya kuvaa shingoni. Yeye ndo wa kupaza sauti: akisema kwa mbili, mwenye mbili anaanzisha wimbo na mstari unahesabiwa kutoka kwake. Akisema kwa tatu, mwenye nne. Akifika kwa saba, wote tunageuza maboksi, tumevaa sare. Nilipanga mwalimu akiingia tu getini atukute tuko katikati ya ngoma, mtoto amechangamka, aone mwenyewe.

Kugawa namba, nikajipa nane. Ndiyo kubwa kuliko zote pale, na nyumba ni yangu. Sasa kasheshe.

Mpiga ngoma wetu, mtu mzima kuliko sie wote, nikampa boksi la moja. Akaliangalia, akaniangalia.

"Mie ndo moja?"

"Ndo unaanza, dada. Namba inaanzia kwako."

"Mie nimekuwepo kwenye kikundi hiki kabla kuku wenu hawajaota manyoya, leo niwe moja? Na huyu aliyekuja juzi awe saba?"

Aliyekuja juzi akaweka mkono kiunoni. "Saba nimeomba mie? Nimepewa."

"Kwa hiyo umepewa kwa uzuri?"

Mwingine, fundi cherehani wetu, yeye ni mke wa pili kwa mumewe, akalivua lake polepole. "Na mie mbili mmenipa mkiwa na maana gani?"

"Hatuna maana yoyote, mama! Ni hesabu!"

"Hesabu. Kumbe."

Wakaamua kupanga wenyewe, na mie kwa kutaka amani nikawaachia. Wakapanga kama tunavyopangaga kwenye harusi, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Nane mbele, halafu saba, tano, nne, mbili, moja. Na maboksi wakabadilishana kwa umri. Mkubwa wao akachukua nane yangu akatangulia, mie nikapewa saba, kila mtu karidhika, mpaka boksi la moja likamwangukia yule aliyekuja juzi. Akalitazama, akalivua, akaenda zake nyumbani. Hakuaga.

"Bibi!" Mjukuu wangu ameshika kichwa. "Namba imekufa! Hivi mlivyojipanga haizunguki! Ukiizidisha hii kwa mbili inatoka takataka!"

"Takataka nani?" akauliza mke wa pili.

Na hapo ndo tukasikia hodi.

Mwalimu akaingia na kitenge chake kilichopigwa pasi, mkononi ana papai kubwa. Akatukuta wanawake watano tumevaa maboksi shingoni, wawili wamenuna, mmoja anapiga ngoma peke yake kwa hasira, na mtoto machozi yanamlengalenga. Mie nikasema karibu mkwe, kama vile hivyo ndo tunavyokaaga kila siku.

Mtoto akamweleza yote. Mwalimu akasikiliza hadi mwisho, wala hakucheka. Akaliweka papai chini, akaliokota boksi la moja, akalivaa.

"Nipeni mie moja," akasema. "Kwa umri wangu nimechoka kubeba vikubwa."

Wee! Wenzangu wakapiga vigelegele. "Mwalimu kakubali kuwa moja! Muone mwenye elimu yake alivyo mnyenyekevu!" Mpiga ngoma, yuleyule aliyeikataa, akamshika mkono akamsimamisha mahali pake. Mke wa pili akachukua mbili yake akaivaa. Saba akaichukua mpiga ngoma, hata nane ikarudi kwangu, na sikuitamani tena. Uani kwangu, ngoma yangu, wanawake wangu, na sifa zote zimekwenda Mbezi kwa boksi dogo kuliko yote!

Tukacheza. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Mjukuu akapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawa anapaza, "Kwa mbiliii!" na mke wa pili anaanzisha. "Kwa tatuuu!" na nne anapokea. Mstari haukuvunjika hata mara moja. Kilichonifariji ni kwamba mwalimu hajui kucheza. Anacheza kama mtu anayeruka madimbwi, hili na lile. Nikasema alhamdulillahi, kakasoro kamepatikana. Ndo mtoto akashuka kwenye ndoo, akamshika bibi yake kiuno kwa nyuma, akawa anamfundisha, "Hapa, bibi, zungusha hapa," huku wanacheka wote wawili. Mie nacheza vizuri miaka yote hii, nani kanishika kiuno?

"Kwa sabaaa!" Tukageuza maboksi. Tisa tupu. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejaa ukutani, wakashangilia kama goli limeingia.

Tulipokwisha kula, wenzangu wakaondoka, tukabaki watatu kwenye mkeka. Mwalimu akasema maneno machache. Akasema yeye haji kunyang'anya, anaomba tu. Kisha tukamtazama mtoto. Mtoto akatazama kucha zake.

"Bibi," akasema, na tulikuwa bibi wawili pale, ila nilijua anamwambia nani. "Nataka kwenda Mbezi. Nataka kuzijua zile nyingine."

"Namba?"

"Eeh, bibi."

"Na mie nitakaa na nani?"

Akaanza kulia, na mwalimu akatazama upande wa pipa la maji. Nikaona hapa nikilia na mie tutakuwa msiba. Nikamwambia basi, mke mwenzangu, nenda, ila ukirudi likizo hujui kukuna nazi nakurudisha hukohuko. Akanikumbatia mpaka mtandio ukanitoka. Nikamfungashia mzigo wake mwenyewe siku zilipofika, hata dagaa nikamwekea, maana watu wa Kondoa sijui kama wanajua kukaanga dagaa.

Asubuhi aliyokuwa anaondoka, begi liko mlangoni, nikamkuta ameinama pale kwenye saruji na mkaa wake.

"Bibi, njoo uone. Nimeikata."

Alikuwa ameigawa namba katikati. Huku mia moja arobaini na mbili, huku mia nane hamsini na saba. Akajumlisha. Mia tisa tisini na tisa. Halafu akaikata mara tatu, wawili wawili: kumi na nne, ishirini na nane, hamsini na saba. Akajumlisha. Tisini na tisa.

"Sare tena!" nikasema. "Hata ukiwatenganisha?"

"Hata ukiwatenganisha, bibi."

"Mwalimu ndo kakufundisha hii?"

"Hapana. Nimeiona mwenyewe, sasa hivi."

"Mwalimu anaijua?"

"Sijamwambia mtu. We ndo wa kwanza."

Jamani, mie ndo wa kwanza! Nikambusu, nikamwambia akifika asiseme kitu, aniachie mie. Akaondoka na shangazi yake, binti yangu aliyekuja kumsindikiza, mie nikakaa pembeni ya ule mkaa, nikafanya mazoezi ya kusema ile hesabu mpaka ikakaa mdomoni. Baada ya alasiri, nilipojua wamefika na wamekula, nikapiga simu.

"Mkwe, mtoto kafika salama?"

"Kafika mkwe, anaoga."

"Haya. Hebu nikuulize. Ile namba yako umeshawahi kuikata?"

"Kuikata vipi, mkwe?"

Nikamweleza. Nilijikwaa pale kwenye hamsini na saba, nikarudia, nikafika salama kwenye tisini na tisa. Mwalimu akavuta pumzi.

"Mh! Hilo ndo kwanza nalisikia. Nani kaligundua?"

"Mjukuu wangu. Hapahapa kwangu, Tandika, pembeni ya pipa."

"Hongera, mkwe. Hongera sana."

Nikaweka simu, nikajimiminia chai, nikaweka sukari bila kujali daktari. Nusu ya kikombe nikaacha kunywa. Mtu kafundisha hesabu umri wake wote. Namba yenyewe kaitoa yeye. Asijue kuikata katikati? Wewe! Nikapiga tena.

"Mkwe, ulikuwa unajua."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na mkono kwenye sufuria.

"Nilikuwa najua, mkwe. Nilikuwa namsubiri aione mwenyewe. Nilitaka aionee hapa kwangu."

"Akaionea kwangu."

"Akaionea kwako." Akashusha sauti, nadhani mtoto alikuwa karibu. "Nikwambie ukweli, mkwe? Tangu afike anakutaja wewe tu. Wali wangu hauna tui la kutosha, bibi Tandika anaweka tui zito. Nyimbo za redio yangu hazina mdundo, bibi Tandika ana ngoma. Nimemfungulia kitabu cha hesabu, ananiuliza kwa nini tusiicheze. Mie nitacheza na nani hapa, na maua? Nimekuonea wivu, mkwe, mpaka nimeshindwa kula."

Nikamwambia arudie hayo ya mwisho, simu inakatakata, simsikii vizuri.

Simu ilikuwa inasikika safi kabisa. Akarudia.